"Inchi Yetu": Nyimbo za Remmy Ongala Ambazo Hakuna Anayeziomba

Mtu akimtaja Remmy Ongala, majina ya nyimbo yanayofuata ni yale yale. "Kifo", ambao wengi huukumbuka msiba ukiingia nyumbani. "Narudi Nyumbani". "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kondomu na ukimwi ambao Radio Tanzania ilikataa kuupiga, na kwa sababu hiyo kila mtu akautafuta. Nyimbo hizo zimeshapata wasemaji wa kutosha. Mimi nataka kusema juu ya zile nyingine, zinazokaa ndani ya albamu zake kama wageni wa arusini ambao hakuna aliyewaita meza ya mbele: "Ndumila Kuwili", "Muziki Asili Yake Wapi", "Sauti ya Mnyonge", na hasa mmoja wa mwaka 1992 ambao jina lake lina herufi moja zaidi ya ile inayokubaliwa na kamusi. Unaitwa "Inchi Yetu".

Kwanza mwenye nyimbo. Remmy alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, Maniema. Jina lake kamili huandikwa Ramadhani Mtoro Ongala. Sisi huku tungesema Ramazani, maana sauti ya dh haikuvuka Ziwa Tanganyika pamoja na maneno yake. Alianza muziki katika vikundi vya mashariki ya Kongo, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, Mzee Makassy. Baadaye akaingia Matimila, ambayo mikononi mwake ikaja kuitwa Super Matimila. Hakuwa wa kwanza kushika njia hiyo. Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, wapiga gitaa wa Katanga, walikwishafika Nairobi kabla yake, na Orchestra Maquis walitoka Kongo wakaweka makao Dar es Salaam. Lakini wengi waliotoka kwetu walikwenda na Kilingala, kwa sababu huko mashariki Kilingala kilikuwa kama muhuri wa muziki wa kweli wa Kongo. Remmy aliamua kuzungumza na watu kwa lugha ambayo walikuwa wanagombania kwayo bei ya nyanya. Wakampenda, wakampa jina la Dokta. Yeye mwenyewe alijiita Sura Mbaya. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na hadi leo huko Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy.

Habari za kituo hicho nilizipata kwa mjomba wangu, kaka yake mama, kabla sijajua kusoma. Mjomba ni mfanyabiashara. Miaka ya nyuma alikwenda Dar es Salaam kufuata mzigo bandarini, akakaa huko wiki nyingi kuliko alivyopanga, kama inavyowapata wote wanaofuata mizigo bandarini. Alilala kwa rafiki yake Sinza. Siku ya kwanza alimsikia konda akiita "Kwa Remmy, Kwa Remmy!" akadhani ni baa. Alipoelezwa kwamba ni kwa yule Remmy wa Kindu, anasema alikaa vizuri kwenye kiti chake kama mtu aliyelipa nauli mara mbili.

Lakini safari hiyo ilikuwa na upande mwingine. Kariakoo, kila alipofungua mdomo, wauzaji walicheka. Alisema "batu", wakacheka. Alisema "minakuya kesho", wakaitana waje wasikie. Muuzaji mmoja wa vitambaa alimwomba arudie sentensi mara tatu, akampunguzia bei kama malipo ya kichekesho. Mjomba ni mtu wa maneno mengi, lakini kwa wiki zile, anasema, alijifunza kununua kwa kidole. Alirudi Bunia na mzigo wake na diski mbili za Remmy: "Songs for the Poor Man" ya mwaka 1989 na "Mambo" ya mwaka 1992, zote zilizotolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel huko Uingereza.

Diski hizo zilipigwa nyumbani kwetu miaka mingi, kwa betri ya gari na baadaye kwa paneli ya jua. Diski ni kama njia ya Bunia kwenda Komanda: panapopitwa sana ndipo panapoharibika. Nyimbo zilizopendwa na wakubwa zilichunika kwanza. Zikawa zinaruka, zinakwama kwenye silabi moja, mpaka mtu anainuka kusogeza mbele. Mimi na wadogo zangu tukakulia kwenye zile zilizobaki nzima, yaani zile ambazo hakuna aliyeziomba. Ndiyo maana hadi leo, nikisikia watu wakimtaja Remmy, ninaona kama tunazungumza juu ya watu wawili.

Huyo Remmy wa pili hana haraka. Nyimbo zake ni ndefu. Magitaa yanaanza kuongea yenyewe kwa yenyewe, moja linauliza, lingine linajibu kabla swali halijaisha, besi inazunguka chini kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kisha inakuja ile sauti nene yenye mikwaruzo, ambayo nusu inaimba na nusu inasema. Katika nyimbo maarufu unaisubiri kwa sababu unajua itakalosema. Katika hizi nyingine unasikiliza namna inavyosema. Kwa mwanafunzi wa lugha, tofauti hiyo si ndogo.

Chukua "Muziki Asili Yake Wapi", ulio kwenye albamu ya 1989. Jina lenyewe ni swali, na kwa Mkongo aliyekuwa anaimba Dar es Salaam akirekodiwa na Waingereza, si swali la bure. Rumba ilikwenda Kuba ndani ya miili ya watumwa, wengi wao wakiwa wametoka pande za mto Kongo. Miaka ya 1930 ikarudi Afrika juu ya santuri za G.V. zilizouzwa bandarini. Léopoldville wakaipokea, wakaitia gitaa lao. Kutoka huko ikaenda mashariki hadi Nairobi na Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam ikafika kwetu Bunia ndani ya mfuko wa mjomba. Ukiniuliza asili yake wapi, nitakuonyesha njia, siwezi kukuonyesha mlango. Kiswahili nacho ni hivyo hivyo. Kilifika Maniema na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, wakati wa Tippu Tip, kabla Mbelgiji hajaweka bendera yake Kindu. Kwa hiyo Remmy hakukiokota Kiswahili baharini mwaka 1978. Alikwenda nacho. Alikuwa anarudisha mzigo kwa wenyewe, ila ukiwa umeshonwa upya.

Au chukua "Sauti ya Mnyonge" kwenye albamu hiyo hiyo. Jina la albamu, kwa Kiingereza, linamtaja mtu maskini. Jina la wimbo linamtaja mnyonge. Haya si maneno mapacha. Maskini hana fedha. Mnyonge hana mtu wa kumsemea: anaweza kuwa na ng'ombe kumi na bado akawa mnyonge mbele ya mwenye bunduki. Huku Ituri hatuhitaji kamusi kuijua tofauti hiyo. Remmy alilishika neno hilo muda mrefu. Kabla yake alikuwa na wimbo mwingine, "Mnyonge Hana Haki", na ninapoyaweka majina hayo mawili pamoja naona hatua imepigwa. Katika la kwanza mnyonge ananyimwa. Katika la pili, angalau, ana sauti.

Halafu kuna "Ndumila Kuwili", ulio kwenye mkusanyo wa mwaka 1988 unaoitwa "Nalilia Mwana". Ndumilakuwili ni yule nyoka anayesemwa kuwa na vichwa pande zote mbili, na kwa hiyo ni mtu anayesema hivi hapa na vile kule. Ni tusi. Nimelifikiria sana neno hili tangu nilipoingia kitivo cha lugha, kwa sababu ndivyo tunavyoishi. Asubuhi darasani nasema "watu wanakuja". Saa sita sokoni nasema "batu banakuya". Jioni, nikimsalimu askari kizuizini, natafuta Kilingala. Nikiandika kazi ya profesa, natafuta Kifaransa. Je, mimi ni ndumilakuwili, au mji wenyewe una vichwa vinne na mimi ni raia wake mtiifu?

Sasa nifike kwenye herufi yangu.

Albamu ya "Mambo" ilitengenezwa ikiwa na sikio la Ulaya. Nyimbo zake kadhaa zina majina ya Kiingereza: "One World", "No Money, No Life", "I Want to Go Home". Ndani ya Kiingereza hicho unakuta "Inchi Yetu". Kwa msomaji wa Dar es Salaam jina hilo lina kosa la kuchekesha, maana katika Kiswahili sanifu inchi ni kipimo, kile cha sentimita mbili na nusu ambacho fundi seremala hutafuta kwenye utepe wake. Nchi ya watu huandikwa bila i. Lakini mtu wa Bunia, wa Kisangani au wa Kindu akiliona jina hilo, haoni kosa lolote. Anaona neno lake. Biblia ya Kiswahili ya Kongo, ile inayosomwa Jumapili katika makanisa yetu, huandika inchi. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kusikia habari za Real World, alisema inchi mpaka siku ya mwisho.

Tena kuna sheria ndani yake. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika neno nchi silabi hiyo ni n peke yake, konsonanti iliyosimama bila irabu, nayo inabebeshwa mkazo wote. Watu wa pwani wanaweza. Sisi tumeipa n kiti cha kukalia: i-nchi. Tumefanya vivyo hivyo kwa mbwa, akawa imbwa, na kwa nje, ikawa inje. Upande wa m tumeweka u: mutu, muke, muti. Anayesema hivyo hajasahau kitu. Anafuata kanuni moja, siku zote, bila kufundishwa, na kanuni inayofuatwa hivyo ndiyo wataalamu huiita sarufi. Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal wameandika makala nzima juu ya Kiswahili cha Bunia, wakakichambua kwa heshima ile ile inayopewa lugha yoyote. Ni ajabu kidogo kwamba mtu aweza kukisoma Kiswahili cha Bunia katika jarida la kimataifa, na asiruhusiwe kukiandika katika daftari la shule Bunia.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililonikuta mwaka huu kwenye staji ya ualimu. Shule sitaitaja. Niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu insha fupi ya Kiswahili juu ya mahali wanapotoka. Msichana mmoja, ambaye familia yake ilikimbia kijiji chao huko Djugu na sasa anaishi kwenye kambi ya Kigonze, aliandika ukurasa mmoja na nusu. Lugha ya nyumbani kwao si Kiswahili. Alieleza mahali pa kuteka maji, mti wa parachichi wa babu yake, na jinsi ukungu unavyokaa bondeni asubuhi. Kila mara alipotaja mahali hapo aliandika "inchi yetu". Nilihesabu mara saba.

Mwalimu aliyenisimamia alisoma insha hiyo juu ya bega langu, akanipa kalamu nyekundu. Sio mtu mbaya. Hoja yake ilikuwa wazi: Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiswahili ni lugha ya jumuiya hiyo, watoto hawa watatafuta kazi Kampala na Arusha, na huko hakuna atakayewasubiri wamalize kusema batu. "Makosa saba," alisema. "Toa alama saba."

Nilimsikiliza, na kwa sehemu ana haki. Nilimkumbuka mjomba akinunua vitambaa kwa kidole. Kiswahili sanifu ni mlango mkubwa, na anayemnyima mtoto ufunguo wake kwa jina la kutetea utamaduni anamfanyia ubaya. Lakini tukumbuke mlango huo ulijengwaje. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni na wamisionari walikutana Mombasa, wakachagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa maandishi. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Lugha sanifu ni mapatano mazuri, ila sisi hatukukaa kwenye kikao. Kuyafuata mapatano hayo leo ni jambo la busara. Kuyageuza kuwa kipimo cha akili ya mtoto ni jambo lingine kabisa.

Ndipo "Inchi Yetu" ukaniingia kwa namna mpya. Tangu Mei 2021 jimbo letu linaongozwa na wanajeshi. Kuna watu hapa mjini ambao wanaweza kuonyesha kwa kidole mlima wa kwao na wasiweze kuufikia. Watu wanauana kwa ajili ya ardhi, na wengine wameipoteza yote wakabaki na sehemu ya kutandika turubai. Katika hali hiyo, kosa la Kariakoo linakuwa na maana: inchi, kile kipimo kidogo, na inchi, mahali ulipozaliwa. Msichana yule hakuwa anafanya mchezo wa maneno. Lakini kama ningemkatia i yake mara saba kwa wino mwekundu, ningekuwa mtu wa pili kumwambia kwamba mahali pale si pake.

Sikutoa alama. Chini ya insha niliandika kwa kalamu ya bluu: "Katika mitihani andika nchi. Kwenu ni inchi, na hapa umeandika juu ya kwenu." Mwalimu alitikisa kichwa. Alama yangu ya staji ilikuja ya wastani. Sitasema kama mambo haya mawili yanahusiana.

Nilimsomea mjomba rasimu ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, ambayo inahusu jambo hili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa weye utafundisha batoto baseme sawa batu ba redio?" Nikamwambia nitawafundisha kuandika kama watu wa redio wanapotaka kusikika mbali. "Na kusema?" Nikamwambia kusema wanajua tayari. Akafikiri. Akaniambia kwamba pale Sinza, yule rafiki yake alimweleza kuwa Remmy alikaa Tanzania miaka zaidi ya thelathini na Ukongo haukumtoka mdomoni, na watu walimpenda nao. "Mimi banichekaka juu sikukuwa na gitaa," alisema.

Nadhani hapo mjomba amesema nusu ya ukweli. Gitaa lilisaidia. Lakini wengi waliokuwa na gitaa walijificha nyuma ya lugha isiyo yao, na Remmy alisimama mbele na ile aliyokuja nayo. Nyimbo zake kubwa sasa ni mali ya kila mtu. Zimelainishwa na redio na vilio vya watu wengi, mpaka husikii tena zilitoka wapi. Hizi ndogo, ambazo hazikuombwa wala kuchunwa, bado zina vumbi la Maniema. Anayesoma lugha azisikilize hizo. Na wewe msomaji unayejiandaa kwenda darasani na kalamu nyekundu mfukoni, kabla hujaikata i ya mtoto, muulize kwanza ameipata wapi. Huenda akakutajia mahali ambapo hawezi tena kurudi, na herufi hiyo ndiyo kipande chake alichotoka nacho.